Nilichokuambia Harusini Multan

Gujranwala,
Alhamisi, baada ya alasiri

Dada yangu Shaista,

Assalaam alaikum. Naomba barua hii ikukute mzima, na shemeji mzima, na joto la Multan liwe limewaachia nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Iftikhar anashinda dukani akiuza mapangaboi yake, msimu wake ndio huu. Mimi magoti ndiyo hayo unayoyajua. Habari ya binti yako Zunaira ndiyo iliyonikalisha niandike. Kwenye simu ningelia nikaikata kabla sijafika ninapotaka kufika.

Unajua nilivyokuwa, dada. Kilo mia moja ishirini na saba, sukari, presha, na miguu inayovimba kila jioni hata darasani nikafundisha nimekaa. Kila penye shughuli, nikipita tu, shangazi yake Iftikhar anawaambia wenzake, "Sogezeni viti, lori linarudi nyuma!" Nami nacheka nao, maana usipocheka wanasema una kiburi. Nimekula matango mwaka mzima. Nimekunywa maji ya ndimu na mbegu za tabibu wa mitishamba, nimefunga Jumatatu na Alhamisi. Zikitoka kilo nne, zinarudi sita.

Mwanzoni mwa mwaka jana nilikwenda kwa daktari wa sukari, Lubna Cheema, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Kabla hajaniuliza kitu nikamwambia najua ni uvivu wangu. Akaweka kalamu chini. "Mwalimu," akasema, "mtu akija na presha, huwa namwambia ajikaze?" Akanieleza kwamba mwili uliokwisha kunenepa huupigania uzito wake. Ukiunyima chakula, unazidisha njaa. Akanitajia njia zilizopo. Kuna vidonge, ambavyo kwa presha yangu hakuvipenda. Kuna sindano ya kila wiki inayotuliza njaa, na huenda mtu akaihitaji miaka na miaka. Na kuna upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo, ambao alisema mtu wa kilo zangu na sukari yangu asiukimbie kabla hajausikiliza. Nikamwambia nitafikiri.

Kisha Desemba ikaja harusi ya binti wa binamu yetu huko kwenu. Nilishuka garini nimepungua kilo ishirini na tatu, ukumbi mzima ukageuka. Wewe ndiye ulinishika mkono ukaniuliza mbele ya wanawake wote nimefanyaje. Nikakujibu natembea kila alfajiri, na mkate wa roti usiku nimeacha. Ukawageukia ukasema, "Mmeona? Nia tu! Nyie wengine mnasingizia magonjwa." Zunaira alikuwa kando yako ameshika sahani ya wali. Nilimwona akiiweka mezani.

Jumanne uliponipigia kuniambia ameanguka kwenye ngazi za chuo, kwamba wiki tano anaishi kwa chai na matango na kutembea saa mbili juani, nilisikia hasira zaidi kwenye sauti yako kuliko hofu. Ukasema umemwambia, "Mama yako mdogo ana miaka arobaini na sita, kaweza kwa miguu yake. Wewe wa kumi na tisa unashindwa na roti?" Halafu ukaniomba nizungumze naye nimpe moyo. Nikasema sawa.

Dada, miguu yangu haikunipunguza. Ni ile sindano aliyonitajia Daktari Lubna. Nilijidunga tumboni kila Ijumaa, karibu mwaka mzima, na dawa nikaificha kwenye friji nyuma ya mtungi wa achari. Iftikhar peke yake ndiye anayejua. Kutembea nilitembea kweli, lakini hata miaka ile ya nyuma nilitembea. Wiki za kwanza nilitapika, nikataka kuacha. Halafu ile njaa, iliyokuwa ikinisemesha tangu nikiwa msichana, ikanyamaza. Siku hiyo nilibakiza chakula sahanini bila kujilazimisha, nikalia pale pale jikoni.

Harusini nilitaka mara moja tu nisifiwe kama mtu mwenye nia. Nilijiona kama mwanafunzi aliyeibia mtihani, nikaogopa kushikwa. Tena sifa zako zilinilevya. Februari nikaacha dawa bila kumwambia daktari, nikajiambia miguu itatosha. Kilo tisa zimerudi. Jana nilikwenda kwake nimejiandaa kugombezwa, hakunigombeza. Tunaanza upya kwa kipimo kidogo, na tumeongea habari ya upasuaji. Sijaamua. Nimechoka hata kuamua.

Zunaira ale leo, dada. Na usikimbilie kumtafutia sindano kwa sababu ya habari hizi zangu; dawa hii haichukuliwi kwa kusikia kwa jirani. Mpeleke kwa daktari apimwe. Huenda hana ugonjwa wowote ila maneno yetu, yako ya mdomoni na yangu ya uongo. Ukinikasirikia, ni haki yako, nitakaa kimya mpaka utakaponipigia. Lakini usimsimulie wewe. Mpe barua hii aisome mwenyewe, tangu salamu mpaka jina langu.

Mfikishie shemeji salamu zangu, nanyi nyote Mungu awahifadhi.

Mdogo wako,
Tehmina