Jani la Kuficha Dawa

Jumatatu, 3 Juni
Nimetwanga dawa ya homa tangu alfajiri. Mkono bado una nguvu. Ujiji nzima hakuna anayenifikia. Watu wa Kagunga hupanda boti kunifuata mimi, si mwingine. Binti yangu Zainabu amekuja likizo na kompyuta yake. Chuoni kwao Dar wanatafuta dawa mpya ya malaria. Kaomba miti ya dawa yangu. Nimempa mitatu, yote ya majani. Mzizi sikumtajia. Marehemu baba alinifundisha: mzizi ndio dawa, ufiche, kisha changanya na jani lisilo na kazi ili mwizi apotee. Waganga wote tunafanya hivyo. Mtoto ni wangu, chuo si changu.

Jumatano, 5 Juni
Kompyuta inanguruma kama paka. Nimeuliza inafanya nini. Anasema mdudu wa malaria ana kitu mwilini, kikizibwa anakufa. Umbo la kitu hicho limo humo ndani. Inajaribu vilivyomo kwenye miti, kimoja kimoja, ione kipi kitaziba. Kama kina mama wa Kibirizi wanavyochambua dagaa. Kupima dawa yenyewe ni baadaye, maabara. Nimeelewa upesi. Kichwa changu hicho.

Ijumaa, 7 Juni
Mti wangu mmoja umeishinda yote! Baada ya swala nimewatangazia wenzangu msikitini. Muuza nyama wa Mwanga kanitania, eti Mzee sasa utatuandikia dawa kwa Kiingereza. Nimemjibu hata kwa Kichina.

Jumamosi, 8 Juni
Leo nimeuliza ni mti upi.
Ni lile jani. La kuficha.
Sikula mchana. Mashine pumbavu. Halafu nikawaza: niliowatibu wote walikunywa vyote viwili, mzizi na jani. Kipi kiliwaponya? Sijui. Sikuwahi hata kujiuliza. Hasira tupu.
Na Zainabu anawaandikia wakubwa wake kwamba hilo ndilo jani baba yake analotibia homa. Keshokutwa anatuma. Uongo wangu utafika Dar umebeba jina lake.

Jumapili, 9 Juni
Nimemwambia jani ni la kumpoteza mwizi tu, dawa ni mzizi. Nilitaka kusema kwa ukali, nikasema polepole. Akaacha kuandika.
"Baba, ungeniaibisha mbele za watu."
Akauliza ni mzizi wa mti gani. Nikautaja. Sijawahi kuutamka mbele ya mtu. Akautafuta kwenye kompyuta. Hamna kitu. Hakuna aliyewahi kuupima.
"Mmeuficha vizuri mno. Sasa hii itachambua nini?"
Jani litabaki kwenye barua yake, ila ataandika ukweli wake. Mzizi uanzie maabara. Kasema wazi hata mzizi unaweza kushindwa. Imeniuma.

Jumatatu, 10 Juni
Tumekwenda mlimani mapema. Nimemwonyesha mti. Kachimba mwenyewe, mimi nimekaa. Anachimba vibaya. Nimemwelekeza upande wa kukata ili mti usife. Kakata hapo hapo. Tumefukia shimo. Tumeshuka polepole, yeye kabeba mzizi.