Maji Kwenye Moyo wa Nsimire

Jumatatu, tarehe 6 mwezi wa tatu 1978

Nimechemsha sindano, nimepima homa vitanda kumi na viwili. Mvua. Saa nne ameletwa Nsimire, mtoto kutoka Walungu, miaka minane. Baba yake, Papa Mugisho, mkulima aliyefiwa na mke, amembeba mgongoni kutoka barabara kubwa. Miguu imevimba, tumbo pia. Anakaa ameinama mbele, amekumbatia mto. Docteur, daktari wetu, anasema moyo umechoka. Ameandika dawa ya moyo na ya kukojoza.

Jumatano, tarehe 8

Dawa hazisaidii. Anakojoa sana, lakini pumzi inazidi kuwa fupi. Mishipa ya shingo imesimama. Leo nimemsikiliza mwenyewe, muda mrefu. Moyo uliochoka naujua, una kelele. Huu unasikika mbali, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Na akivuta pumzi, mapigo ya mkononi yanapotea chini ya vidole vyangu.

Sikumwambia Docteur. Mimi muuguzi tu, yeye amesomea Kinshasa. Niliogopa. Naona haya kuandika hivi.

Alhamisi, tarehe 9

Papa Mugisho amefunga vitu vyake.

"Walimupa sumu, maman. Ninajua mutu wa kumutapisha."

"Papa, unipe siku moja tu. Hii haiko sumu."

"Iko nini basi?"

Nimekwenda kwa Docteur, nimesema yote. Hakukasirika. Amemshika Nsimire mkono, amepima mapigo dakika nzima. Kisha ameagiza picha ya kifua. Tumengoja umeme mpaka saa tisa. Kwenye picha, moyo umejaa kifua, mviringo kama kibuyu.

"Moyo iko ndani ya maji," amesema. "Tulimupa dawa mubaya. Ni mimi nilikosea."

Kesho asubuhi atayatoa. Hajawahi kufanya kwa mtoto. Papa Mugisho amekubali kubaki. Hakufungua mzigo.

Ijumaa, tarehe 10

Nimemshika Nsimire bega, mkono wangu mwingine uko kwenye mapigo yake. Docteur ameingiza sindano ndefu chini ya mfupa wa kifua, ncha juu. Akikosea kidogo, anatoboa moyo wenyewe. Amevuta. Hakuna kitu. Jasho linamtoka. Amesogeza. Maji ya manjano, yamechanganyika na damu kidogo. Sirinji ya pili. Ya tano. Kwenye ya saba mapigo yamejaa chini ya vidole vyangu, hayapotei tena.

Nsimire amefungua macho. "Maman, niko na njaa."

Nimelia kwenye chumba cha mashuka. Nilikaa siku nzima na jambo lile kinywani. Mtoto angekufa kwa sababu ya woga wangu.

Jumatatu, tarehe 13

Docteur anaamini ni kifua kikuu, kimeshika ngozi inayofunika moyo. Sindano kila siku, vidonge mwaka mzima. Papa Mugisho amerudia: "Mwaka?" Kisha ameuliza njia ya mtaa wa Kadutu, dada yake anakaa kule. Watakaa kwake. Mashamba yatamsubiri, amesema.

Jumapili, tarehe 19

Baada ya misa nimepita wodini, ingawa si zamu yangu. Nimemwonyesha Papa Mugisho namna ya kugawa kidonge katikati. Vidole vyake vimezoea jembe. Vidonge viwili vya kwanza vimesagika, tumekusanya unga kwenye kijiko. Cha tatu kimekatika sawasawa. Ametutazama, mimi na mtoto. Nsimire amekunja uso, amemeza.