Kidude cha Nassor

Jumatano, Ghubra

Na Nassor akikirudisha kidude chake nitakichomoa tena, anune atakavyo.

Kaka yangu Nassor kanifungia garini kidude cha jipiesi, kinalia ukikaribia kamera za spidi. Leo tukimpeleka Mama mtaa wa Hail, kila kikinyamaza yeye ananihimiza, "Kanyaga, Zuwena! Rada hamna!" Mama nyuma kashika mkanda kwa mikono miwili.

Nikakichomoa, nikamtupia mapajani. "Gari yangu, na Mama yumo. Mimi nnafuata kibao cha barabarani."

Alinicheka mpaka tukafika. Nnachoogopa ni siku Mama atakapopanda gari ya Nassor, mimi sipo.

Lakini wakati wa kurudi Mama alikaa mbele, ubavuni kwangu, akafunga mlango. "Twende," akanambia. "Nassor atachukua teksi."

Tukamwacha.