Kinanda cha Abu Hamour

Al Thumama, Doha
Jumapili, 26 Januari 2025

Mpendwa Shangazi Pamela,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku siku hizi inaniuma masikio nikiwa getini. Goti lako laendeleaje? Nimeandika kwa mkono halafu nikapiga picha, kwa sababu uliniambia meseji ni za watu wanaoazimana chumvi.

Nina habari moja. Ijumaa ya tarehe ishirini na moja mwezi ujao nitapiga kinanda Abu Hamour, mbele za watu, saa kumi na mbili unusu jioni. Nilimbembeleza msimamizi wangu, Mutai, hadi akanibadilishia zamu. Huu ni mwaka wa tatu nafungulia watu geti, na hakuna anayejua vidole hivi vinaweza kazi nyingine. Wewe ndiye uliyenifunza. Nakuomba baraka zako, maana bila hizo nitatetemeka.

Mwanao uliyemlea,
Levis

Malava
Jumapili, 2 Februari 2025

Mwanangu Levis,

Huku hatujambo. Goti linapanda ngazi likinung'unika, lakini linapanda. Funga masikio na kitambaa, hayo hayauzwi dukani.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Ijumaa, Abu Hamour! Nilikumbuka ulivyonieleza ulipofika, kwamba huko Wakristo wanaabudu Ijumaa na makanisa yamewekwa pamoja upande huo wa Abu Hamour. Kumbe hukusahau. Nilivyokugonga vidole na rula hadi majirani wakanisema, na leo unapigia ibada ya mataifa.

Sikuweza kukaa nayo peke yangu. Leo wakati wa matangazo nimesimama nikalisomea kanisa zima barua yako. Wamepiga makofi. Mchungaji ameniita mbele akauombea mkono wako wa kulia, kisha wa kushoto. Siku hiyo, saa hiyo hiyo, kwaya itakutana kukuombea. Baraka unazo, tena zimefurika.

Shangazi yako mwenye majivuno leo,
Pamela

Al Thumama
Alhamisi, 6 Februari 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Natumai goti limepoa. Mimi mwili ni mzima, ila usingizi umenikimbia tangu nisome barua yako.

Shangazi, si kanisani. Abu Hamour ni mtaa mkubwa, una maduka, gereji na nyumba za watu. Tutapiga katika ukumbi ulio juu ya duka la mazulia. Ni jioni ya wanamuziki wasio na kampuni yoyote nyuma yao, wanaojirekodia vyumbani mwao. Wenyewe wanauita synth-pop. Ni pop ya vinanda vya umeme, vile ambavyo unaitengeneza sauti mwenyewe kabla ya kuipiga. Mwenzangu ni Hadijah, Mganda anayefanya kazi hotelini. Yeye anaimba, mimi napiga. Wimbo wetu ni wa bawabu anayesalimia watu mchana kutwa.

Nilipokuandikia nilijua utadhani ni ibada. Nilijua, nikaacha hivyo, kwa sababu nilitaka baraka kwanza. Nimekuaibisha mbele ya kanisa lako. Ukiniambia nisipige, sitapiga.

Mwanao mkosa,
Levis

Al Thumama
Jumatatu, 17 Februari 2025

Shangazi,

U hali gani? Barua yangu umeisoma, alama za buluu nimeziona. Siku kumi na moja hujasema nipige wala nisipige. Hadijah ananiambia nisimwache peke yake jukwaani, naye amefanya mazoezi kila siku ya mapumziko yake. Nitapiga. Nisamehe.

Levis wako

Al Thumama
Jumamosi, 22 Februari 2025

Mpendwa Shangazi,

Natumai u mzima, hata kama hutaki kuniambia.

Jana tulipiga. Walianza Wafilipino wawili, ndugu, na vinanda vidogo walivyovibeba kwenye mkoba wa shule. Akafuata dada wa Lebanoni. Alivua viatu, akaimba Kiarabu chake kama anayeongea na mtu aliye jikoni. Sisi tulikuwa wa tatu. Mutai alikuja na sare yake ya kazi, akasimama mlangoni kwa mazoea. Nikamwonea huruma, kisha nikajionea huruma mwenyewe.

Kiitikio chetu ni "habari yako". Hadijah aliwafundisha watu kujibu "nzuri". Mara ya kwanza wakajibu wachache, wakicheka. Mara ya tatu walijibu wote. Watu themanini, wengi hawajui Kiswahili hata kidogo, wakaitikia salamu. Shangazi, getini nasalimia watu mia kwa siku na watano ndio hujibu. Nilitaka sana uwepo.

Nakutumia video. Usipotaka kuifungua, ifute tu, sitauliza.

Mwanao,
Levis

Malava
Jumapili, 2 Machi 2025

Levis,

Mimi ni mzima. Wewe sikuulizi, nimekuona kwenye video umekonda, kula.

Nilikuwa na hasira. Nimekuandikia barua tatu nikazichana zote. Si muziki ulionikera. Ulijua, na ukaniacha nikasimama mbele ya watu. Hilo liliniuma sana, na usilirudie.

Lakini sikiliza nilichofanya mimi. Siku yako ilipofika kwaya ilikuja kukuombea, nami sikuwa na ujasiri wa kuwaambia ukweli. Wakaomba, mimi nimeinamisha kichwa kwa aibu. Leo nimeshindwa kuvumilia. Wakati wa matangazo nimesimama nikasema, "Niliwaambia Levis atapiga kanisani. Hakupiga kanisani. Alipiga ukumbini, nyimbo za dunia, na mimi nilijua nikawaficha." Kwa hiyo tumefanana, wewe na mimi, na sina mdomo wa kukugombeza zaidi.

Kisha Mama Carolyne wa sauti ya pili akauliza, "Sasa, alipiga vizuri?"

Nilikuwa sijaifungua video yako.

Nimerudi nyumbani nikaisikiliza mara nne. Ubeti wa pili umeukimbiza, na mkono wako wa kushoto bado ni mvivu. Huyo Hadijah ana sauti, mwambie nimesema. Lakini kuna mlio pale katikati, unaopanda kabla watu hawajajibu. Huo sikukufunza mimi. Mchana kutwa nimeutafuta kwenye kinanda changu na sijaupata. Nimefundisha miaka ishirini na sita, na wanafunzi wote hunirudishia kilekile nilichowapa.

Niandikie unavyopigwa. Eleza polepole, nianze na kidole gani.

Shangazi yako,
Pamela