Isale ya Bibi Edith

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo Mama. Najua Ndeshi ndiye anayekusomea na mmekaa jikoni karibu na moto, basi nami nijisogeze hapo hapo. Mgongo unaendeleaje? Yule ng'ombe mweusi ameshazaa? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Uingereza inanilaza na soksi mbili mbili. Ndeshi, mdogo wangu, ndani ya bahasha kuna karatasi ndogo niliyoikunja. Usiifungue mpaka nikwambie. Nakujua.

Mama, niliposema nitabaki mwaka mmoja zaidi kujifunza kusubu chuma, yaani kukiyeyusha na kukimimina kwenye kalibu, ulinijibu mstari mmoja tu, "Basi kaa huko," kisha ukanyamaza. Tangu hapo kila tarishi wa posta akipita bila kusimama, namsindikiza kwa macho dirishani mpaka apinde kona.

Mji huu ni mdogo, uko ufukweni, na viwanda vyake vya chuma vilijengwa enzi za Malkia Viktoria. Nyumba zimebanana, matofali yamekuwa meusi kwa moshi. Bibi Edith, mwenye nyumba ninayopanga, ni mzee sana; alizaliwa hapa Malkia akiwa bado hai. Anasema zamani tanuri zilipofunguliwa usiku bahari ilikuwa nyekundu, na shuka alizofua mama yake asubuhi zilianuliwa jioni zimejaa masizi. Watoto walilala wanne kitanda kimoja, na kulipokucha walitolewa ili wajomba waliotoka zamu ya usiku walale. Nikimsikiliza naona maisha yao yalikuwa magumu kuliko yetu.

Sasa sikia. Wiki iliyopita tuligombana. Niliongeza makaa ya mawe motoni bila kumwuliza, akafoka, "Kwani mama yako hakukufundisha adabu?" Angenitukana mimi ningevumilia. Lakini wewe! Nikapanda juu, nikafunga sanduku. Asubuhi nashuka nalo, namkuta mlangoni ameshika kwa mikono miwili chungu chenye mmea wa isale. Ndiyo Mama, isale, kama ile ya mpakani mwa kihamba chetu, shambani kwenye migomba. Huku wanaiweka sebuleni iwe pambo. Akaninyooshea. Mtu akikuletea isale utakataa? Niliweka sanduku chini, nikaipokea, nikasema, "Yamekwisha, Bibi. Nimekusamehe."

Akanikodolea macho. "Umenisamehe nini? Nataka uitoe nje ipate mvua."

Nilipomweleza kwamba kwetu anayeomba radhi hupeleka isale, na anayepelekewa hana budi kusamehe, alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi. Kisha kicheko kikakatika, akaanza kulia. Isale ile ilikuwa ya mama yake. Kaka yake mkubwa, wakati huo kijana wa umri wangu, alipanda meli bandarini hapa kwenda kutafuta kazi ng'ambo. Mama yao alikasirika, akakataa kujibu barua zake, akidhani kimya kitamrudisha. Barua zikapungua, zikaisha. Kila meli ilipopiga honi mama yule alitoka mlangoni na aproni yake, mpaka alipokufa.

"Na mama yako," Bibi Edith akaniuliza, "anakujibu?"

Nikatikisa kichwa. Akaenda kuchukua mkasi, akakata jani moja la isale, akanipa.

Sanduku nimelirudisha juu. Makaa sasa anaongeza mwenyewe, tena mengi kuliko nilivyoongeza mimi.

Mama, sibaki kwa kuwa nimewasahau. Mashine zetu za kumenyea kahawa zikivunjika gurudumu, tunangoja chuma kitoke huku. Nataka nikirudi niyasubu hayo magurudumu pale pale Moshi. Lakini nilikuahidi kurudi Krismasi, na sasa mtamaliza kuchuma kahawa wewe na Ndeshi peke yenu. Jambo hilo linaniuma. Nimekukumbuka sana Mama, hata kelele zako.

Msalimieni shangazi anayeuza ndizi Kiboriloni, shemeji seremala wa Sanya Juu pamoja na wanawe, na babu wa juu ya mfereji. Mwambieni pombe yake ya mbege naiota.

Ndeshi, sasa fungua ile karatasi. Jani la isale litakuwa limekauka, lakini fundo nimelifunga kwa mkono wangu. Mpe Mama mkononi, usiliweke mezani. Kisha chukua kalamu, ukae karibu naye, umsubiri.

Ni mimi mwanao,
Aminieli