Yule Mchambuzi wa Kushoto

Kaka Enoki, huko bondeni Kamsamba kwenye mpunga wako,

Mimi ni mtu mwenye bahati. Nataka habari hii uisikie kwangu kabla watu hawajaipunguza. Mdogo wako nimefika Uingereza. Nimekaa uwanjani, mstari wa nne, karibu na kibendera cha kona, mpaka nikawa nasikia harufu ya nyasi zilizokatwa. Tajiri mmoja Mzambia mwenye malori alikuwa na tiketi mbili, mwenzake akaugua, yeye akasimama kwenye foleni ya mpakani akauliza nani Tunduma hii anaujua mpira. Foleni nzima ikanionyesha mimi: madereva, mawakala, mpaka mama wa chipsi. Nikaenda. Hii baridi yetu ya mwezi wa saba, ya kulala na koti, Wazungu wangeivalia kaptula. Picha usiniulize, simu iliisha chaji.

Kilichonifanya nishike kalamu ni nilichokiona kule. Kipa alimpa mpira beki wake aliyesimama hatua nne tu, pasi ya chini, ya kistaarabu, na uwanja mzima ukaguna. Timu yao ilikuwa inaongoza, kaka! Mzee wa Kizungu jirani yangu akafunika uso kwa mikono miwili kama aliyeona mtoto anachezea kisima. "Piga mbele!" anapiga kelele. "Ondoa!" Nikamgusa bega, nikamwita bamudala, kama madereva wa Zambia wanavyowaita wazee wao. Nikamwambia, "Tulia, bamudala, mpira bado ni wetu." Akaniangalia kama nimemtukania ukoo.

Nikiwa pale ndipo nilipojua. Hawa watu waliotuletea mpira wanaogopa kukaa nao. Wewe ulikuwa sahihi, na sisi wote tuliokucheka tulikosea.

Naandika hadharani kwa sababu simu yangu hupokei, na meseji nikituma zinabaki na vile vialama viwili vya kijivu kama macho ya mbuzi. Tena kosa lenyewe lilifanyika mbele ya mabenchi yaliyojaa, kwa hiyo acha na hili walisome waliokuwa wamekaa kwenye mabenchi hayo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana nikianza kukimbia siishii.

Unaikumbuka njia ya kushuka mtoni Iyula, kwenye mashine ya kumenya kahawa? Ilikuwa inateleza kiasi kwamba mtu na ndoo yake hawafiki pamoja. Basi wakati wa kuvuna tulijipanga mstari, kutoka juu mpaka kwenye mashine, na ndoo za kahawa mbivu zinapita mkono kwa mkono. Wewe ulisimama chini yangu. Siku moja nikataka kuwachekesha wasichana, ndoo nikairusha juu ili uidake. Kahawa yote ikamwagika kwenye tope. Nilijua utanichapa. Ukachuchumaa, ukaanza kuokota punje moja moja, na ulipomaliza ndiyo ukasema, "Ungenipa tu. Nilikuwa nimesimama hapa hapa."

Miaka ilipita ukaja kufundisha timu ya kijiji, na mazoezi yako ya kwanza yalikuwa hayo hayo. Vijana walidhani wanakuja kukimbizwa, wewe ukawapanga mstari na ndoo tupu. Walikucheka! Mimi nilicheka kuliko wote, nikaiita Timu ya Kubembelezana, na jina likashika. Lakini uwanja wetu unaujua, umelala kama paa la nyumba. Ukipiga mpira mrefu kuelekea goli la chini, unaukuta katikati ya kahawa ya watu, na mechi inasimama watu wanatafuta. Wewe peke yako ndiye uliyegundua kwamba uwanja ule unataka mpira wa chini, wa kupeana. Nilisimama pembeni nikiwaangalia wakipeana kumi, kumi na tano, mpira unapanda kilima taratibu kama ndoo zile, na mwili ukanisisimka. Sikukuambia. Nilikuambia jezi zenu mbaya.

Halafu ile mechi na Itaka. Kipa wako Lazaro akampa beki mpira, beki akanyang'anywa, bao. Moja kwa sifuri, kombe la kata limeondoka. Lazaro alikaa chini analia, watu wanamzomea, na wewe ukamwinua mbele yao wote. "Mechi ijayo mpe tena. Kosa ni la waliokimbia wasiombe mpira." Mwenyekiti wa timu alikusikia akatema mate.

Jumamosi iliyofuata kamati nzima ilikuja Tunduma kuchukua jezi mpya, na wewe ukiwa nao. Jezi zilikuwa hazijawa tayari, mkaingia kwenye kibanda changu kuangalia mpira. Saa kumi na moja jioni, mabenchi yamejaa, bisi zinatafunwa, na mdogo wako nimesimama juu ya kreti la soda kama kawaida yangu. Kazi yangu unaijua. Wachambuzi wakianza kuongea kule kwenye kioo cha televisheni, mimi nawageuza Kiswahili. Darasa la saba nilimaliza kwa kusukumwa, ila Kiingereza nimesomeshwa na madereva wa mataifa matano, na pale kibandani nilipokuwa nasema "Wazungu wanasema", hakuna aliyebisha. Walikuwa wananiita Mchambuzi. Mama peke yake ndiye aliyekuwa ananiita kwa jina.

Na mpira ukafanya makusudi. Dakika ya arobaini, ile timu ya pasi, kipa akampa beki, beki akanyang'anywa, bao. Kama Itaka kabisa! Kibanda kizima kikageuka kukutazama wewe.

Mapumziko wakatokea wachambuzi wawili mezani. Kulia mzee mwenye shingo nene, aliyecheza zamani. Kushoto kijana mwenye miwani. Mzee akaanza kugonga meza.

"Mchambuzi!" Mwenyekiti akaita. "Bamudala anasema nini?"

"Anasema kocha huyu afungwe kamba!" nikasema. "Anasema enzi zake beki akiuona mpira anaupeleka mpaka walikoegesha magari. Anasema pasi za nyuma ni za watu wasiotaka kuchafuka."

Kibanda kilipasuka kwa kicheko. Mwenyekiti akakugeukia. "Enoki, umesikia? Hata wenye mpira wao wanaukataa."

Wewe ulikuwa umekodolea kioo. Kijana wa miwani alikuwa anaongea, mikono yote miwili juu ya meza, anasogeza vikombe kuonyesha mabeki. Aliongea sana.

"Na huyo wa kushoto?" ukaniuliza. "Anasema nini?"

"Huyo? Anaunga mkono mzee wake."

"Muda wote huo anaunga mkono tu?"

"Kiingereza ni lugha ndefu, kaka."

Walicheka mpaka benchi la mbele likalala. Wewe ukaniangalia, mimi, si kioo. Kisha ukachukua kofia yako ukatoka. Kamati nayo ikatoka baada ya dakika chache, jezi zimekuwa tayari. Hakuna hata mmoja wao aliyeona kipindi cha pili, kipa yule yule akimpa beki yule yule, wakapeana mpaka wakafunga mabao matatu. Nilibaki juu ya kreti langu, na wa kumtafsiria alikuwa ameshaondoka. Kabla hamjafika Iyula, timu ulikuwa umeshanyang'anywa. Mwezi haujaisha ukateremka Kamsamba kulima mpunga, hukuniaga.

Yule kijana Kiingereza chake kilikuwa cha puani, kaka, na jenereta ilikuwa inaunguruma. Sikumpata vizuri. Ni juzi kule Uingereza masikio yalipozoea ndiyo nikaelewa watu kama yeye wanasema nini.

Siku hizi nawaangalia wachambuzi kwa jicho lingine, na situlii kwenye kiti. Umewahi kuona wanavyorudisha picha? Beki akinyang'anywa, wanarudisha mara sita, wanamchorea duara kichwani kama mwizi aliyeonwa. Mipira mirefu ishirini ikipotea, hakuna duara hata moja. Na timu ya pasi ikifunga, marudio yanaanzia pasi ya mwisho. Zile kumi na nane zilizofungua mlango wanazikata! Halafu mzee mwenye shingo nene anasema bao limeletwa na moyo wa kupigana. Kila kitu kwao ni moyo. Mvua ni moyo, kona ni moyo, beki kuvunjwa pua ni moyo. Ukiwauliza mpira ulipitia wapi mpaka ukafika pale, wanakuambia enzi zao. Nagombana na kioo mpaka wateja wananiambia, "Mchambuzi, kaa chini, unatuziba."

Timu yako ukiiona utalia. Kocha mpya anajua neno moja, "mbele". Nusu ya mechi watu wako kwenye kahawa wanatafuta mpira. Lazaro ameacha kudaka, anasimama nyuma ya goli na mikono mfukoni. Mama kila ninapokwenda ananikaribisha vizuri, ananipa chai, halafu anaangalia nyuma yangu kama kuna mwingine anakuja.

Wiki iliyopita Mwenyekiti alikuja kibandani. Alisubiri watu waishe. "Enoki anatumia namba gani siku hizi?" akauliza. Nikamuuliza kwa nini asikurudishe tu. Akajikuna kidevu. "Nitawaambia nini watu? Wote walisikia Wazungu wamekataa. Wewe ndiye uliyesema."

Mimi ndiye niliyesema. Tangu siku hiyo hata nikikaa nasimama, nikisimama nakwenda mlangoni, nikifika mlangoni sijui nilichofuata. Ndiyo nikaona lazima nilete neno kubwa kuliko lile la kwanza, neno la mtu aliyefika kule, akaona kwa macho yake. Mchambuzi aliyetoka Uingereza akisema Enoki alikuwa sahihi, nani Iyula atabisha?

Nimeisoma barua hii tangu juu. Nimejisikia kama siku ile natupa ndoo ili watu wacheke, na wewe umesimama hapa hapa.

Kaka, Uingereza sijafika. Pasipoti sina. Mbali kabisa nilikowahi kufika ni Kapiri Mposhi, nako nilikwenda nimelala juu ya mahindi. Hakuna tajiri, hakuna tiketi, hakuna mzee aliyefunika uso. Jenereta siku ile haikuwaka, umeme ulikuwepo. Yule kijana wa kushoto nilimsikia neno kwa neno. Alisema kipa asiogope, ampe tena. Alisema kosa ni la wale waliokimbia wasiombe mpira. Maneno yako, kaka, kama vile alikuwa amesimama Itaka. Nilikuwa na kicheko cha watu mkononi, nikakipenda kuliko wewe.

Mwenyekiti na kamati, nanyi mmesoma.

Mpunga ukishavunwa panda tu lori lolote linalokuja huku. Nitakuwa stendi. Ukipita bila kunisalimia ukaenda moja kwa moja Iyula, kwa Mama na kwa Lazaro, nitakubebea begi kwa nyuma bila kusema kitu, na wewe unajua hilo kwangu ni gumu kuliko kwenda Uingereza.

Mdogo wako,
Tunduma, ambako ndiko nilikokuwa muda wote.