Picha ya Hoki, Sauti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na usinicheke mwandiko, maana sasa hivi binti yangu Tilly amesimama kitandani mwake akaipungia mkono kamera ya ukutani, akasema "ba-bai", anadhani mle ndani mna watu, na kosa si lake, ni la baba yake.

Mume wangu Garth ana boksi lake kwenye chumba cha chini ya nyumba, nyaya zimejaa nyuma kama tambi, king'amuzi kimechomekwa humo, kompyuta humo, mashine ya michezo humo, mpaka kamera ya mtoto, halafu kwa simu yake anachagua picha gani iende televisheni gani na sauti gani itokee wapi, na mimi nilifurahi, nilikuwa namwona Tilly huku naosha vyombo jikoni.

Jumamosi akawaita rafiki zake waje kuangalia hoki. Mimi niko juu namnyonyesha Tilly, na huwa naongea naye, nikamwambia siri yangu, kwamba mama aliachia shule darasa la kumi kwa sababu ya mimba, sasa anataka kurudi darasa la watu wazima afanye mtihani, siku moja awe muuguzi, ila baba tusimwambie kwanza, atacheka. Kumbe Garth kabonyeza vibaya. Kule chini picha ni ya hoki, sauti ni yangu. Kocha anafoka mdomo wazi, na kinachotoka ni "nyonya kipenzi, mama atasoma".

Nilisikia vicheko, nikadhani wamefunga bao. Nikashuka na sahani ya perogi, zile sambusa za viazi za kuchemsha, rafiki yake Lorne akasimama: "Shikamoo, mwalimu mkuu!" Mwingine: "Shemeji, hesabu zangu utanisahihishia lini?" Garth anafuta machozi ya kucheka. "Boksi limechanganya sauti tu, mama Tilly, usininunie."

Hilo ningesamehe. Lakini Bev, mke wa Lorne, alikuwepo, akanipigia simu kesho yake. Anasema Garth aligundua palepale, akashika simu yake azime, halafu akasema, "Ngojeni, ngojeni, msikie," akaongeza sauti. Akaongeza, mshauri!

Tangu siku hiyo nanyonyesha kimya, Tilly ananitazama mdomo anasubiri. Hasira imenijaa mpaka nimeutoa mkasi kwenye droo, lakini nampenda mume wangu, na najua anaweza kuwa mtu mzuri, na darasa linafunga kuandikisha Ijumaa na mimi naona aibu, sasa niambie, nikate zile nyaya, niondoke, au ni… samahani, Garth ananiita, anasema njoo uone boksi, amepata njia ya

Marnie, Yorkton

Marnie,

Pole, mwanangu. Na mimi nimekasirika.

Rudisha mkasi kwenye droo. Ukikata nyaya, kesho watu watazungumzia nyaya, na Garth atapata cha kulalamikia. Shuka mchana, fuata waya wa kamera mpaka nyuma ya boksi, uchomoe huo mmoja tu. Kanunue kamera yenye kioo chake kidogo cha kushika mkononi, kikae kwako.

Kubonyeza vibaya ni bahati mbaya. Kuongeza sauti alikusudia, na umwambie hivyo machoni, bila kulia na bila kupika perogi siku hiyo. Awapigie rafiki zake mmoja mmoja, wewe umekaa karibu unasikia, awaambie alikukosea. Jioni za darasa yeye ndiye atakayebaki na Tilly. Akikataa hayo, chukua mtoto uende kwa mama yako, ukasome ukiwa huko.

Na wewe, aibu ya nini? Wale wanaume walisikia mwanamke anayejua anachotaka. Nenda ukajiandikishe Alhamisi, usingoje Ijumaa. Usiombe ruhusa. Leo usiku ongea na mtoto wako, anasubiri.

Jambo la mwisho. Barua yako imenifikia imekatika, kwa sababu mtu alikuita ukaone boksi. Akikuita tena ukiwa unaandika, mwambie asubiri. Maliza sentensi yako kwanza.